Rangi Haikuachia

Ilikuwa baada ya alasiri. Watoto wa madrasa wamemaliza darsa, wanasubiri kuachiliwa. Mmoja, wa kike, hajatimiza hata miaka saba, alikaa chini ya mnara wa tangi la maji akichuna rangi kwenye mguu wa chuma. Alichuna taratibu, kama mtu anayemenya muhogo uliochemshwa, mpaka kikatoka kipande kikubwa kama kiganja chake. Akakinyanyua, akanionyesha, akacheka.

"Ona, mnara unaambuka!"

Nikacheka naye. Kisha nikamwomba kile kipande, nikakitia mfuko wa shati.

Kiko mezani kwangu mpaka leo. Wiki ya sita hii.

Mie ndiye mshika fedha wa kamati ya madrasa hiyo, huku kwetu upande wa Mkokotoni. Mnara ulipakwa rangi miezi tisa tu nyuma, kwa pesa za michango: mia tano mia tano za Ijumaa, na za watu wetu walioko Muscat. Hesabu yote iko kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu. Kwa hiyo mtoto anapokaa pale akaumenya mnara kwa kucha, anamenya daftari langu.

## Jibu nililokuwa nalo

Malengelenge yalianza kuonekana mwezi wa tano tangu kupakwa. Madogo, kama ya mtu aliyemwagikiwa chai ya moto, na karibu yote upande unaotazama bahari. Jibu nikalipata siku ile ile: fundi katufanyia hila. Kazidisha tina, ile dawa ya kuzimulia rangi iwe nyepesi. Kapaka mkono mmoja, yaani tabaka moja, katulipisha miwili. Nikalisema barazani, nikalisema kwenye kamati, na jioni moja nikalisema mbele ya mkwewe bila kujua kuwa ni mkwewe. Jina sikulitaja, lakini Mkokotoni si Dar es Salaam. Mafundi chuma wanaojulikana kwetu hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Lile gamba alilolichuna mtoto ndilo lililoanza kunikatalia.

Usiku mmoja niliishika taa nikaligeuza. Mbele, kijani. Ukingoni, penye mvunjiko, unaiona ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu iliyopakwa chini, na juu yake kijani cha mikono miwili kamili, nilihesabu mistari. Kwa hiyo la mkono mmoja lilikuwa uongo wangu. Nyuma kulikuwa na kutu, ya hudhurungi, ukurasa mzima, imenakili kila kishimo cha chuma kilipotokea. Nikajaribu kuikwangua kwa ukucha. Haikutoka. Imeshikana na rangi kama ukoko na sufuria.

Nikakaa nalo hilo muda mrefu.

Rangi haikuachia. Ilishika vizuri sana, ila ilishika kutu, na kutu ndiyo iliyoachia chuma.

## "Haya"

Hapo ndipo nilipokumbuka mazungumzo ambayo nilikuwa nimeyasahau kwa makusudi.

Fundi alikuja kuutazama mnara kabla ya kazi. Hakutazama juu sana kama sisi. Alichuchumaa, akagonga mguu kwa mpini wa nyundo, kutu ikaanguka vipande vipande kama maganda ya kashata iliyokauka. Akagonga pengine, akasikiliza. Kisha akasema:

"Mwanangu, kazi hii haitaki brashi. Inataka kupigwa."

Kupigwa, kwa maana ya kurushiwa chembe kwa nguvu ya hewa mpaka chuma kirudi kuwa chuma. Alitaka kompresa na mtungi wake kutoka mjini, turubai la kuzungushia, na siku nne kabla ya kufungua hata kopo moja la rangi. Makisio yake yalikuwa shilingi milioni mbili na laki sita. Zaidi ya nusu ilikuwa ni huko kupiga.

Nilichukua kalamu nikakata mstari. Nakumbuka na maneno yangu: "Fundi, kinacholinda chuma ni rangi. Huko kupigapiga tutawaeleza nini watu?"

Akanitazama. "Haya," akasema. "Pesa zenu."

Mtu wa pwani akikwambia "haya" kwa sauti ile, ujue hajakubali. Mie nilijua. Nikajifanya sikujua, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kwenda kwenye kamati na kusema nimeokoa milioni na nusu. Nilikwenda, nikasema, nikapongezwa.

Brashi ya waya, siku mbili. Praima nyekundu. Kijani. Picha zikatumwa Muscat, zikajibiwa kwa mashallah nyingi.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

## Kiganja

Mtoto wa ami yangu anafanya kazi kwenye yadi moja ya vyombo, upande wa Maruhubi. Nilimwendea kwa shughuli nyingine kabisa, ya mirathi (na hiyo nayo ina blogu yake siku moja, inshallah), nikamkuta hawezi kuongea kwa kelele.

Walikuwa wanapiga mlango wa tishari. Mtu mmoja amevaa kofia kubwa iliyofunika mpaka mabega, ina kioo mbele na mpira wa hewa nyuma, utadhani mpiga mbizi kapotea njia akatokea nchi kavu. Kalishika bomba kwa mikono miwili, limepita begani, limekakamaa kama mti. Hewa ndani yake ni ya baa 7, kiasi cha mara tatu ya tairi la gari dogo. Kila alipopitisha mdomo wa bomba, kutu ilitoweka kwa upana wa kiganja, kisha kiganja kingine, kama mtu anayefuta ubao wa skuli.

Nilitarajia chini yake kitang'aa. Hakikung'aa. Kilikuwa cha kijivu kilichofifia, kikavu, kama jivu la mkaa. Nikajiona nimekipenda bila sababu. Kelele zilipokatika nikasogea, nikanyoosha mkono nikiguse.

Binamu yangu akanipiga kibao cha mkono.

"Usishike, kaka!"

Akanivuta mpaka upande wa pili wa mlango, sehemu iliyopigwa jana yake na ambayo ilikuwa irudiwe. Pale, juu ya kijivu kitupu, palikuwa na kiganja cha mtu. Vidole vitano na bonde la katikati, vyote vimechorwa kwa kutu ya rangi ya machungwa, vizuri kiasi cha kuona mistari ya ngozi. Kibarua mmoja alisahau glavu, akaegemea. Sekunde ngapi? Mbili, tatu. Jasho lake likafanya iliyobaki usiku kucha.

Sikusema kitu. Nilikuwa nafikiria mnara wetu, ulio hatua mia na kitu kutoka majini, ukiegemewa na bahari kila siku kwa miaka kumi na moja.

## Marisau na makali

Siku ile mirathi haikuzungumzwa. Nilimuuliza binamu maswali mpaka chai ikapoa, na tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata.

Kazi yenyewe si ngeni. Mmarekani Benjamin Chew Tilghman aliipatia hataza mwaka 1870, ya kurusha mchanga kwa mvuke au hewa ili kukata na kusafisha vitu vigumu. Viwandani siku hizi chuma kipya hupitishwa juu ya magurudumu kwenye sanduku lililofungwa. Ndani, mapanga yanayozunguka kwa kasi yanakirushia marisau ya chuma, vigololi vidogo vya duara. Marisau yakianguka yanachujwa, yanapandishwa, yanarushwa tena, mamia ya mara mpaka yaishe.

Ya duara hupondaponda. Yanaacha uso wenye vishimo laini, kama uso wa mtu aliyeugua ndui zamani. Kuna na chembe za chuma zilizovunjwa, zenye makali. Hizo hukata, zinaacha vilele vidogo vidogo, na rangi nzito ya baharini hupenda vilele hivyo ili ipate pa kuuma. Binamu hatumii chuma pale yadini. Ufukweni chembe za chuma zingeshika kutu zenyewe na kupotea mchangani. Wao wanatumia ganeti, jiwe jekundu lililosagwa, linakuja kwenye magunia.

Vilele hivyo, kwa kazi kama yao, vinatakiwa viwe na kimo cha maikroni 50 hadi 75. Unywele wako mmoja una unene wa kiasi hicho hicho. Vikiwa vifupi, rangi inateleza. Vikiwa virefu kuliko rangi yenyewe, ncha zinachungulia nje na kila ncha inakuwa kidoa cha kutu. Nilipoelewa hilo nilimheshimu yule mpiga mbizi wa nchi kavu. Anafuta ubao, ndiyo, lakini pia anaandika.

Jambo jingine lililoniuma ni ngozi ya kiwandani. Chuma kipya cha engo ukikinunua dukani kina ngozi ya bluu inayokaribia weusi, laini, safi. Sisi sote tunaiona ndiyo uzima wa chuma. Kumbe ni ganda la moto wa kiwandani tu: likipasuka, maji hupenya kwenye ufa, na chuma kilicho chini huliwa pale pale penye ufa, haraka kuliko kama kingeachwa kitupu. Mageti mangapi hapa Unguja yamepakwa rangi juu ya ngozi ile? Langu la nyumbani limo.

Binamu ana kijitabu cha picha cha kiwango cha kimataifa cha usafi wa chuma, ISO 8501-1. Kurasa zinakuonyesha chuma chenye kutu, kisha chuma hicho hicho kikiwa kimepigwa kidogo, Sa 1, mpaka kilichotakata kabisa, Sa 3. Wao wanafanyia Sa 2½, ambapo kinachobaki ni vivuli hafifu tu. Kuna na picha za kazi ya mkono, ya brashi na grenda: St 2 na St 3.

"Mnara wenu ulikuwa upi?" akaniuliza.

Nikataka kusema St 2. Kwa haki ya Mungu hata hapo hatukufika. Palipofikiwa na brashi palisuguliwa. Nyuma ya vyuma vya mshazari, mle kwenye pembe, praima ilipakwa juu ya kutu yenye matabaka, na mie nilisimama chini nikitazama, nimekunja mikono, nikiuliza saa ngapi tutaanza kijani.

## Maji baridi

Nilidhani basi nimeshapata jibu jipya: tungepiga, mambo yangekuwa sawa. Hilo nalo likavunjika.

Shida ya kwetu kubwa kuliko kutu ni chumvi iliyojificha ndani ya kutu. Ukikipiga chuma kikavu bila kukiosha, kutu inaondoka, chumvi inabaki kwenye vishimo vyake, huioni, uso umetakata mweupe. Unapaka. Chumvi haina haraka. Inavuta unyevu kupitia rangi, tone dogo linajikusanya, lengelenge linafura. Kwa matangi ya maji ya kutuliza meli, kanuni ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, inataka chumvi isizidi miligramu 50 kwa mita moja ya mraba ya chuma. Ile unayoinyunyizia yai kwa vidole viwili imeshapita kiasi hicho mara kadhaa.

Kwa hiyo kabla ya kupiga, unaosha. Kwa maji baridi, kwa nguvu, na kwa wingi.

Nilipomsimulia mama akaniambia kwani babu yako alikuwa akifanya nini? Babu alikuwa na mashua. Ikipandishwa pwani ilikwanguliwa tumbo, ikaoshwa, ikapitishiwa moto wa makuti, ikaachwa ikauke sawasawa, ndipo deheni ipakwe. Deheni yenyewe, mafuta na chokaa, haikumchukua zaidi ya asubuhi moja. Siku zote nyingine zilikuwa za kukwangua, na sisi wajukuu tulikuwa tunakuja kucheza siku ya deheni tu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na raha. Nimekuwa mtu mzima nikiwa na akili ile ile ya siku ya deheni.

Halafu kuna umande. Chuma usiku hupoa kuliko hewa, na hewa yetu hubeba maji mwaka mzima. Kanuni wanayoifuata ni kwamba wakati wa kupaka, chuma kiwe na joto la nyuzi 3 juu ya kile kiwango ambacho umande huanza kushika, na unyevu wa hewa usivuke asilimia 85. Kwetu hiyo ina maana usianze mapema, na usichelewe. Ulichokipiga leo ukipake leo, kabla jua halijalegea. Kukilaza chuma kitupu usiku mmoja ni kukiandikia kutu mpya. Fundi wetu, nakumbuka, alikuwa anakuja saa nne. Nilimnung'unikia kwa uvivu.

## Bei nafuu

Sasa niseme lililokaribia kunishinda.

Habari zikaenea kuwa kamati inatafuta wa kupiga mnara. Akaja mtu na kompresa yake nyuma ya gari, bei yake theluthi ya ile ya mwanzo. Nikamuuliza anapiga kwa nini. "Mchanga," akasema. "Mchanga si huu, upo."

Nikaomba nione kazi yake. Nikamkuta kijana, miaka kumi na minane labda, anapiga chasisi ya gari kwenye uwanja wa wazi. Usoni kajifunga fulana, mikono ya fulana kaifungia kisogoni. Wingu limemmeza. Alipozima kompresa akajifungua, akatema mate, akacheka na mwenzake. Nyusi zake nyeupe kama za mzee.

Nilijua tayari vumbi lile ni nini. Mchanga wenye silika ukipasuka kwa kasi ile unakuwa unga usioonekana, unaingia kwenye mapafu na hautoki. Mapafu yanafanya makovu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyarudisha. Uingereza iliuondoa mchanga katika kazi hii viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Na ule mchanga mweupe wa pwani wa kwetu, ambao ni matumbawe yaliyosagika, una balaa la namna nyingine: ni laini, na umejaa chumvi ile ile unayojaribu kuiondoa.

Yote hayo niliyajua. Na bado, niko hapo nimesimama, kichwani napiga hesabu ya theluthi.

Niliondoka na namba yake ya simu. Sikumwambia ndiyo, sikumwambia hapana, na wala sikumwambia yule kijana neno lolote kuhusu fulana yake. Hilo la mwisho limenikosesha usingizi kuliko mnara. Nilirudi siku ya nne. Hawakuwapo, uwanja ulikuwa na duara la mchanga uliogeuka wa kahawia, na chasisi imeshachukuliwa.

## Kwa fundi

Nilikwenda nyumbani kwa fundi Jumapili, baada ya kumtuma mtu atangulie kumuuliza kama nikienda atanipokea. Akanipokea. Nikaletewa kahawa na halua, jambo lililonifanya nizidi kujiona mdogo.

Nilitoa lile gamba mfukoni, nikaliweka juu ya mkeka katikati yetu, upande wa nyuma juu.

Akalichukua. Akaligeuza, akalipinda kidogo kuona litavunjika wapi. "Rangi ilikuwa nzuri hii," akasema.

"Nilisema umezidisha tina."

"Nilisikia. Mkwe wangu aliniambia."

Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe. Alinisogezea sahani ya halua. Tukaingia kwenye hesabu. Miguu yote minne, mita mbili za chini, ndiyo iliyoharibika khasa. Ipigwe kwa ganeti, ndani ya turubai, wakati wa likizo watoto hawapo. Juu huko grenda itatosha, na rangi ya epoksi inayovumilia uso usiopigwa. Lakini hagusi kitu sasa hivi, mvua za masika hazijakatika. Tusubiri kusi, hewa ikauke.

"Na pesa za kupiga unazo?" akauliza.

"Nusu."

"Na kamati?"

Kamati inakaa Ijumaa. Wazee wawili wameshaniambia wanataka kijani kirudi kabla wageni wa Muscat hawajaja, na kwamba habari za kupiga ni biashara ya mafundi. Yaani maneno yangu mwenyewe, yamenirudia yakiwa na ndevu nyeupe. Sijui nitawajibu nini ambacho mie nisingekipuuza miezi tisa iliyopita. Labda niende na gamba.

Nilipokuwa navaa viatu nikamuuliza fundi kama kuna lolote la kufanya kwa sasa, lisilo na gharama.

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi.

"Mwanangu, pale juu mna tangi la lita elfu tano za maji baridi. Miguu yake haijawahi kuoshwa hata siku moja."

Alhamisi jioni tulifunga mpira kwenye bomba la tangi. Yule mtoto wa kike ndiye aliyeushika kwanza, akaupeleka mguu wa upande wa bahari, maji yakashuka chini yakiwa ya hudhurungi. Nilionja kwa ncha ya ulimi, kwa kutaka kujua tu.

Yalikuwa ya chumvi.